Ukwe na Vyote

Okoth alijua kumkwepa mama mkwe wake kuliko alivyojua kuendesha gari, na gari ndilo lililokuwa likimlisha. Miaka mitano ya ndoa hajawahi kumtazama usoni. Alimjua kwa sauti tu, sauti nzito kidogo iliyompitia ukutani kila alipofika ukweni, Nakaloke: "Mkwe wetu, umefika salama? Barabara ikoje?" Naye huku nje, kiti chake kimegeuzwa kuelekea migombani, anajibu: "Salama, mama. Barabara ni mashimo tu." Basi watazungumza hivyo mpaka chai ipoe, yeye akiutazama mgomba, mama akiutazama ukuta wa jikoni.

Wala usidhani hawakupendana. Nangila, mama mkwe huyo, hakumwacha mkwe arudi Jinja bila kifurushi cha malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi ambayo Wagisu huyapika kwa karanga. Okoth naye hakufika Nakaloke bila samaki wa Jinja. Lakini heshima ni heshima. Mkwe na mama mkwe hawakutani njiani, hawapeani mikono, hawali pamoja. Anayevunja mwiko huo atashikwa na kutetemeka, mikono kwanza, kisha kichwa, mpaka aingie kaburini anatikisika. Ndivyo shangazi Nambozo anavyosema, dada wa baba mkwe, Mzee Gidudu, na katika ukoo ule shangazi Nambozo ndiye polisi, hakimu na mlinzi wa gereza katika mambo yote ya ukwe.

Walizungumza Kiswahili kwa sababu Okoth ni Mjaluo wa Busia, upande wa Kenya, na Kigisu chake kiliishia kwenye salamu. Mzee Gidudu alikuwa na Kiswahili alichokiokota kwa wanajeshi ujanani, hivyo hata akiomba chumvi ungedhani anakukamata. "Wewe! Leta chumvi! Mbio!" Wageni walishtuka. Okoth alishazoea, na mara nyingine alijibu "Ndiyo, afande" bila kukusudia.

Siku ile ya soko Okoth alitoka nyumbani kwake Mafubira, Jinja, mapema, pikapu imejaa mabeseni ya plastiki ya wafanyabiashara wa Nakaloke. Khainza, mkewe, alikaa kando yake na mimba yake kubwa; binti yao Sheryl walimwacha kwa jirani. Kuwahi huko ndiko kulikoleta balaa. Kwa kawaida pikapu ile hufika adhuhuri, na Nangila hujua kuziondoa nyanya zake barabarani kabla yake. Leo alikuwa ndiyo kwanza anavuka kutafuta chenji, noti mkononi, alipomwona mkwe, ameshuka garini, anamjia moja kwa moja, mrefu vile, kofia kichwani, anapiga mluzi.

Pale hapakuwa na mgomba wala ukuta. Nangila akafanya alichofundishwa tangu usichana: akaivuta leso kutoka kichwani mpaka kidevuni, akarudi kinyumenyume katikati ya vibanda. Okoth naye, mtoto wa watu aliyelelewa, alipoona tu leso inashushwa hivyo, akampa mgongo na kushusha kofia. Wakasimama hivyo, watu wazima wawili, mchana kweupe, kila mmoja akingoja mwenzake apite. Hapo ndipo Gaster wa bodaboda alipochomoka kichochoroni, nyuma yake amefunga mabati kwa kuyakingamisha. Gaster alipiga honi, hilo hatumnyimi. Lakini honi, Nakaloke, siku ya soko! Nani anasikiliza?

Ukingo wa bati ukampitia Nangila pajani.

Okoth akasikia kelele, akadhani ni mwizi. Akasikia "Damu! Damu!" akadhani mwizi amepata alichokitafuta. Akaendelea kusimama vilevile, mgongo umenyooka, heshima tupu, mpaka mkewe aliposhuka garini na kupiga ukelele.

"Mama! Baba Sheryl, geuka! Ni mama!"

"Mama nani?"

"Mama yangu! Amekatwa!"

"Sasa nitageukaje na yeye yupo hapo?" Okoth akauliza, na aliuliza kwa dhati.

Shangazi Nambozo alikwisha kufika, ameacha dagaa zake wazi kwa nzi na kwa wezi. "Kamba! Nipeni kamba, anavuja kama bomba!" Okoth akaufungua mkanda wake, mkanda mpana wa ngozi, akaurusha nyuma kupitia begani bila kuangalia. Ukampiga Gaster mdomoni. Hakuna aliyemwomba Gaster radhi. Shangazi akaukaza juu ya jeraha kwa nguvu zake zote, Gaster akakandamiza leso kwa mikono miwili huku analia kuliko aliyekatwa, mabeseni yakamwagwa barabarani, Nangila akapandishwa nyuma ya pikapu pamoja nao.

Okoth akashika usukani. Kabla hajawasha gari akakigeuza kioo cha juu kitazame paa.

"Nambozo," sauti ya Nangila ikatoka nyuma, imekwisha kuwa nyembamba. "Nifunike mguu. Mkwe asinione."

"Haoni. Amegeuza kioo."

"Na cha pembeni?"

"Khainza! Mwambie ageuze na cha pembeni!"

Akakigeuza na cha pembeni. Hivyo ndivyo Okoth alivyoikimbilia hospitali ya Mbale, hajui kilicho nyuma yake ni lori au ni mbuzi. Jasho lilimtiririka. Alitaka kujua kama mama yu hai, na njia ya kuuliza alikuwa nayo ile moja tu waliyoizoea miaka yote.

"Mama!" akapaza sauti. "Barabara ikoje huko?"

Gari likaruka shimo. Kisha: "Mashimo tu, mkwe."

Khainza akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Walipopita kituo cha mafuta Okoth akauliza tena, akajibiwa tena, ingawa sasa lilikuja neno moja tu. Walipoanza kuona maghorofa ya Mbale akauliza mara ya tatu.

"Mama, barabara ikoje?"

Hakujibiwa.

* * *

Hospitalini walimchukua Nangila mbio kwa kitanda cha magurudumu, na Okoth akabaki kwenye korido, ameishika suruali yake kwa mkono mmoja. Bila mkanda ilikuwa haina urafiki naye. Kila aliyepita alimtazama kwanza usoni, kisha mkononi, kisha akatazama pengine. Alisogea mpaka mwisho wa korido, akakaa mkabala na bango la chanjo na kulisoma kana kwamba atafanyiwa mtihani.

Mzee Gidudu alifika kwa bodaboda, koti amelivaa ndani nje. Wakati huohuo Daktari Mugweri akatoka chumba cha upasuaji, kijana wa Kisoga mwenye haraka.

"Mshipa nitaufunga, huo si tatizo," akasema. "Tatizo ni damu. Ya kundi lake tulikuwa na mifuko miwili, yote imeshaingia na bado mwili mkavu. Gari la damu linakuja jioni. Yeye hafiki jioni. Nataka mtu wa kundi O atoe sasa hivi, apimwe haraka, nimwekee damu nzima."

"Nzima ni ipi, na mbovu ni ipi?" shangazi Nambozo akauliza.

"Mama, kwa kawaida damu tunaitenganisha. Chembe nyekundu mfuko wake, maji yake mfuko wake, na zile zinazogandisha mfuko wake. Mwenye upungufu wa kitu kimoja tunampa kimoja. Lakini huyu vimemwagika vyote. Sufuria ya mchuzi ikipinduka, ukiniletea nyama tupu utasema umenirudishia mchuzi? Nataka irudi yote kwa pamoja, vivyo hivyo inavyotoka kwa mtu."

Sista Nulu akapita na vifaa vyake, akawatoboa vidole mmoja mmoja. Mzee Gidudu, kundi A. Shangazi, kundi B, akanuna kana kwamba ametukanwa. Khainza hakuguswa kwa ajili ya mimba. Gaster alikuwa O! Watu wakamshangilia, akanyanyua mikono juu, na dakika hiyohiyo kipimo kikaonyesha ana malaria ya kutosha kijiji. Akaanza kulia upya.

"Hakuna mwingine?" Sista Nulu akauliza. "Watoto wake wa kiume?"

Wawili walikuwa Kampala, mmoja Juba. Ndani ya chumba kile mashine ililia bip, ikangoja, ikalia bip.

"Mimi ni O," ikasema sauti kutoka kwenye bango la chanjo.

Wote wakageuka kumtazama Okoth. Aliijua damu yake tangu sekondari. Siku moja watu wa damu walikuja shuleni kwao, na yeye akajitolea kwa sababu kulikuwa na soda na biskuti. Alipoiona sindano akaanguka kabla haijamgusa, akaamshwa, akatoa, akaapa hatarudia hata wakimpa kreti nzima. Hayo yote hakuyasema. Alisema tu: "Mimi ni O," akiendelea kuitazama picha ya mtoto anayedungwa.

"Yesu wangu!" Shangazi Nambozo akashika kichwa. "Mkwe? Watu hata mkono hawapeani, leo aingie ndani yake? Azunguke kila mahali? Afike mpaka moyoni? Watatetemeka wote wawili!"

"Kwetu Busoga tetemeko hilo tunaliita buko," daktari akasema. "Bibi yangu alinitisha nayo mpaka nikamaliza chuo. Mama, nakuheshimu, lakini sina muda."

Shangazi akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na wifi yake alimpenda. Ndiyo maana alitafuta njia. Uso ukamng'aa. "Daktari, si umesema mnaitenganisha? Basi itenganisheni! Toeni ule ukwe, mtupe inayobaki."

Daktari Mugweri alikwisha kugeuka kurudi ndani. "Mama," akasema, "hii inakwenda nzima. Ukwe na vyote."

Khainza akapiga magoti mbele ya baba yake. Akamshika miguu. Tangu afike Mzee Gidudu alikuwa anachezea kifungo cha koti lake lililopinduka. Sasa akasimama, na Kiswahili kikamtoka chote.

"Nambozo! Wewe! Nyamaza! Mimi nauliza hapa: Nangila akikufa, mimi narudi nyumbani na heshima? Heshima itanipikia? Itaniuliza kama nimelala vizuri? Mgongo ukiniwasha, heshima itakuna?" Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Miaka arobaini anakuna huu mgongo. Okoth! Simama! Tembea, mbio!"

"Ndiyo, afande!" Okoth akaruka wima, mikono ubavuni, kama gwaride.

Suruali ikashuka mpaka magotini, mbele ya baba mkwe, shangazi, daktari na sista.

"Huyu nimpime damu au nimpime adabu?" Sista Nulu akauliza. Lakini alikuwa ameshamshika mkono.

Shangazi hakushindwa moja kwa moja. Njia ya kwenda maabara ilipita mlango wa chumba cha upasuaji, na mlango ulikuwa wazi. Akavua leso yake, akamfunika Okoth kichwa na uso, akamwongoza kwa bega kama bibi harusi. Okoth akagonga mzani. Akagonga ndoo ya mopu. Mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya macho akasogea kumpa nafasi.

* * *

"Angalia dirishani," Sista Nulu akamwambia. "Mwanaume mzima!"

Okoth akaangalia dirishani. Sindano ikaingia. Safari hii hakuanguka, maana kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi.

"Nilimpa mgongo, sista," akasema. "Amesimama hatua chache tu kutoka kwangu, anavuja, na mimi nimesimama kama nguzo ya umeme. Nilifikiri ni mwizi. Kama ningegeuka mapema..."

"Ulimpa mgongo. Sasa mpe damu. Kunja ngumi, fungua. Kunja, fungua."

Akakunja, akafungua. Mfuko ukajaa polepole, mzito, mwekundu uliokaribia kuwa mweusi. Okoth akautupia jicho la wizi. Hakuwahi kufikiri kwamba ndani yake mlikuwa na kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukihitaji hivyo. Vipimo vya haraka vikaja safi, Nulu akaubeba mfuko ukiwa bado na uvuguvugu, akaondoka nao anakimbia, yeye ambaye hospitali nzima ilijua hakimbii hata kwenye mvua.

Okoth akangoja kidogo kama alivyoambiwa, kisha akajiona ana nguvu. Akasimama, akatoka koridoni. Mikono ikaanza kumtetemeka. Magoti yakafuata.

"Imemshika!" Shangazi Nambozo akapiga yowe lililowatoa watu wodini. "Nilisema! Imemshika! Tazameni mikono!"

Gaster akakimbia. Mzee Gidudu akavua kofia. Khainza akamkumbatia mumewe tumboni, kadiri tumbo lake mwenyewe lilivyoruhusu, naye Okoth akaziona taa za darini zinacheza, akasema moyoni kwamba basi, buko ni kweli, na kwamba hata hivyo hajuti.

"Umekula nini leo?" Ni Sista Nulu, amerudi.

"Si... sijala. Tangu Jinja."

Nulu akamketisha, akamtilia soda mdomoni na biskuti mbili mkononi. Watu wote wakasimama kumwangalia anavyotafuna. Mikono ikatulia. Magoti yakatulia. Akabeua.

Shangazi akainama, akamchungulia kwa makini. "Sista, buko inaogopa soda?"

"Inayoogopa soda ni njaa, mama."

"Mh," shangazi akasema, ila aliichukua chupa tupu na kuisoma maandishi pande zote.

Wakangoja. Zile bip za mashine zilianza kukaribiana, au labda ni masikio yao. Daktari Mugweri alipotoka, kofia ameivua, Mzee Gidudu hakuthubutu kuuliza, akageukia ukuta.

"Mshipa nimeufunga. Damu imeingia, na sasa inaganda yenyewe pale inapotakiwa. Presha imepanda."

Mzee akajiachia chini kwenye sakafu, miguu ameinyosha mbele kama mtoto, na machozi yakamtoka waziwazi.

"Anatetemeka?" shangazi akanong'ona.

"Amelala. Akiamka mtamwuliza."

Alipoamka aliuliza yeye: nyanya zake nani amezibeba?

* * *

Shangazi Nambozo akatoa amri: asiambiwe. Mtu aliyetoka kuchungulia kaburi haambiwi habari za namna hiyo. Wote wakakubali, na zaidi ya wote Okoth. Aliogopa kitu kimoja tu, naye alimweleza mkewe waziwazi: "Akijua, ataona nimemvunjia heshima mpaka ndani ya mifupa. Hata ile sauti ya ukutani itanyamaza. Mimi mama yangu alinifia nikiwa mdogo, Khainza. Sauti ninayo hiyo moja."

Basi kila alipoleta mzigo Mbale alipita hospitalini, akasimama nje ya dirisha la wodi ya wanawake, mgongo kwa dirisha, na kusalimia. "Mama, umeamkaje?" Na kutoka ndani: "Vizuri, mkwe. Mguu unaniwasha, ndiyo uzima huo." Wagonjwa wengine walimzoea yule mwanaume anayezungumza na ua wa hospitali.

"Damu niliyowekwa ni ya nani?" Nangila alimwuliza mumewe siku moja.

"Ya serikali!" Mzee Gidudu akajibu kwa ukali.

"Serikali gani hii inayonitamanisha samaki tangu asubuhi?"

Khainza akapaliwa na uji.

Aliyeitoboa siri ni Sista Nulu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumpa amri. Alikuwa anafungua bandeji, anaona jeraha linavyopona, akafurahi. "Mama, damu ya mkwe wako imekukubali kweli!" Akaendelea na kazi, anaimba kidogo, mpaka alipogundua kwamba wodi nzima inamtazama na mama amevuta shuka mpaka kidevuni.

Siku ile Okoth alisimama dirishani. "Mama, umeamkaje?"

Kimya. Akangoja. Akakohoa. "Mama, ni mimi."

Alisikia kitanda kikilia, mtu anajigeuza upande wa pili. Mgonjwa wa jirani akatoa mkono dirishani na kumpungia aende zake, kwa huruma. Safari ya pili ilikuwa hivyohivyo. Samaki aliowaleta walipokelewa, chombo kikarudishwa kimeoshwa, bila malewa, bila neno. Safari ya tatu hakupita hospitalini. Alipakia magunia yake, akarudi Jinja, vioo vyote vya gari amevielekeza vizuri, na njia nzima hakupiga mluzi.

* * *

Khainza alijifungua mtoto wa kike, salama, mwezi uliofuata. Okoth alifurahi kama baba yeyote, akafua nepi bila kuombwa, akampikia mkewe mtori wa ndizi ambao haukulika. Lakini simu ilipolia kutoka Nakaloke alitoka nje ili asisikie kama atatajwa au hatatajwa.

Asubuhi moja alikuwa sebuleni Mafubira, anapanga mabeseni ya kupeleka sokoni, rundo limefika darini. Akasikia fimbo barazani. Ko. Ko. Kisha sauti nzito kidogo.

"Hodi humu."

Miguu ya Okoth haikungoja kichwa. Ikaruka kuelekea mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na mabeseni. Rundo likamwangukia. Alipojikwamua hakuwa na pa kwenda, akajibandika kwenye kona, uso ukutani, beseni moja la bluu bado liko kichwani.

Fimbo ikaingia mpaka ndani. Ikasimama.

"Okoth."

Hajawahi kumwita kwa jina. Mkwe hatajwi jina. Nywele zikamsimama chini ya beseni.

"Mama."

"Geuka."

"Mama, shangazi atasema..."

"Nambozo yuko Nakaloke, anauza soda karibu na dagaa. Siku hizi anasema ni dawa. Geuka, mwanangu. Mara ya mwisho tulipopeana migongo uliona yaliyonipata."

Okoth akageuka taratibu, akalivua beseni. Alikuwa mwanamke mfupi. Kwa sauti ile siku zote alimfikiri ni pandikizi la mtu, kumbe anamfikia kifuani, ana pengo la jino na macho yaleyale ya Khainza. Mguu mmoja aliuegemeza kwenye fimbo. Naye alikuwa anamtazama kwa makini vilevile, kama mtu anayekagua kitu alichokinunua bila kukiona.

"Ulinyamaza," Okoth akasema. "Nilisimama pale dirishani, ukanyamaza."

"Nilinyamaza, ndiyo. Nilikuwa nalia. Ulitaka nikulilie kupitia dirishani, watu wanasikia?" Nangila akashusha pumzi. "Nikasema, jambo hili nitamwambia nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Ndiyo leo imeweza kusimama. Daktari aliniambia iliingia nzima, ukwe na vyote. Iko humu, inazunguka. Sasa wewe niambie, nitajificha wapi, na mtu mwenyewe niko naye humu ndani?"

Okoth akalikumbatia beseni. Aliangalia chini kwa sababu machozi yalikuwa yanamjia na yeye ni mwanaume mwenye gari.

Nangila akafungua kifurushi. Ndani kulikuwa na malewa, na juu ya malewa mkanda mpana wa ngozi, umesuguliwa mpaka doa halionekani, umepakwa mafuta. "Nimekuletea mkanda wako. Wanasema bila huo ulipata tabu."

Akaunyosha mkono wenye mkanda. Hakuuweka mezani, hakumpa mtu ampe. Aliunyosha, akangoja. Okoth akanyosha wake, na mkono ukamtetemeka waziwazi, mkanda ukachezacheza kati yao, wote wawili wameushika.

"Unatetemeka," mama akasema.

"Ni njaa, mama."

Nangila akamtazama, mdomo wake wenye pengo ukianza kucheka. Hakuuachia mkanda. Akageuza kichwa kuelekea chumbani, ambako mtoto alikuwa ameanza kulia.

"Khainza! Humu kuna soda? Lete moja, na bilauri mbili."